Mama Akataa Kufa Ghalani

Jumanne, tarehe kumi na nne Machi. Asubuhi kulikuwa na manyunyu, na upepo haukuwepo kabisa, ndiyo maana Bosi wa filamu alikodi feni mbili za kupeperusha koti.

Koti hilo, jeupe na refu, lilivaliwa na mpwa wangu, ambaye mashabiki humwita Kombora. Mimi mjomba wake ndiye mpiga pasi. Dada yangu, mama yake mzazi, alipewa nafasi ya kuwa mama yake hata kwenye filamu: apigwe risasi, afe, kisha Kombora amruke, avae miwani nyeusi na kuondoka bila kugeuka huku ghala likilipuka nyuma yake.

Majambazi wakammiminia risasi. Dada akabaki amekaa.

"Mama, kufa," Bosi akamwambia kwa upole.

"Sifi. Mtoto wangu ananirukaje kama dimbwi? Apige magoti, aniombee, halafu nitakufa vizuri tu."

"Akipiga magoti koti halipepei."

"Basi lisipepee."

Wakarudia. Dada akajifuta damu ya rangi shavuni, akauliza kama kuna chai. Jambazi mkuu akavua kofia.

"Kaka, muombee mama yako. Hata mimi naona aibu."

"Umeniulia mama, halafu unanifundisha adabu?" Kombora akamjibu.

Bosi akaamuru feni zishushwe sakafuni, labda koti litapepea hata mtu akiinama. Kombora alipojaribu kuinama kidogo, likaruka likamfunika mama yake uso mzima.

"Sanda imefika," dada akasema humo ndani, "na mimi bado nazungumza."

Tukacheka, hata Bosi. Dada hakucheka. Akalitoa koti usoni.

"Mwanangu, tangu uanze mirukoruko hii hujakanyaga nyumbani. Siku nikifa kweli utakuja, au utapita tu na miwani yako?"

Mtu akazima feni. Nikaomba kimoyomoyo.

Kombora akavua miwani. Bosi akatazama saa yake. Mpwa wangu akapiga magoti kwenye vumbi, na ile suruali niliyoihangaikia tangu alfajiri ikakunjamana yote. Nikamshukuru Mungu.

Akamshika mama yake mkono.

"Mama, mjomba anasikia, Bosi anasikia, na hawa majambazi wote wanasikia. Jumapili nakuja nyumbani, bila koti, na tutasali pamoja mpaka uchoke wewe."