Sigara za Mama Magunia

Mama Magunia alisimama mara ya pili kati ya benchi na mlango wa daktari wa kiwanda, akashika ukuta, akasubiri pumzi zimrudie. Kazi yake ilikuwa kukung'uta magunia ya saruji ili yatumike tena, na vumbi lilikuwa likimwingia kifuani tangu usichana wake.

Daktari alimpokea kwa tabasamu pana mno. Hapo hapo machale yakamcheza. Kiwanda hiki hakijawahi kumchekea mtu bure.

"Shikamoo, mama. Kifua kinasemaje?"

"Marahaba. Kinabana, mwanangu. Nikipanda ngazi mbili tu naona giza."

Daktari akaweka mezani kopo dogo la dawa ya kuvuta, karibu na mkono wake mwenyewe. "Humu mna dawa mbili pamoja. Moja inafungua njia za hewa, nyingine inatuliza uvimbe. Vuta asubuhi na jioni, kisha usukutue mdomo. Utalala vizuri."

"Naomba, basi."

"Sigara ulianza lini?"

"Mimi? Sijawahi hata kuishika!"

"Fikiri vizuri, mama." Sauti yake ilikuwa laini kama ya mtu anayebembeleza mtoto. "Dawa hii tunawapa wavuta sigara tu. Ugonjwa wa vumbi hapa hatuna. Nikiandika vumbi, meneja atakupumzisha nyumbani uchunguzwe kwanza. Bila mshahara, bila dawa."

Alimwelewa fika. Leo akubali sigara, kesho akidai fidia wamzibe mdomo kwa maneno yake mwenyewe. Lakini tangu mvua zianze alikuwa analala ameketi, na hata sasa kifua kilikuwa kikipiga filimbi.

"Ujanani," alisema.

"Nyingi?"

"Andika utakavyo."

Kopo likasogezwa. Akatikisa, akatoa pumzi, akabonyeza huku akivuta. Baada ya muda kifua kikaanza kulegea, naye akajionea aibu kwa raha aliyoisikia.

Nje, mke wa mwanawe alikuwa benchini akikohoa, kanga imejaa saruji, mkono mmoja juu ya mimba yake. Naye pia kazi yake ilikuwa kukung'uta magunia.

"Wamekupa, mama?"

"Wamenipa." Mama Magunia akamfuta vumbi kwenye kope. "Akikuuliza sigara, kubali."

"Sigara? Na tumbo hili?"

"Kubali, mwanangu."

"Anayefuata!" daktari akaita, kwa sauti ile ile laini.