Mtoto Aliyelia

Udongo wa Gatitu mwezi wa Julai huwa mzito kama unga uliokandwa, nao ulinata kwenye jembe kila Gatimu alipoliinua. Alikuwa amesimama kati ya migomba, nyuma ya jikoni, akichimba shimo ambalo halikuhitaji hata robo ya nguvu zake. Hilo ndilo lililomtesa. Mikono yake ilikuwa mikono ya fundi wa kuchomelea mageti, iliyozoea kuinua chuma na kukipinda. Sasa ilichimba kijishimo ambacho watoto wangeweza kukichimba wakicheza.

Mlango wa jikoni ulifunguka. Njoki, mkewe, alisimama kizingitini akiwa amejifunga blanketi, uso umempauka.

"Unafanya nini?"

"Rudi ndani. Baridi itakuingia mifupani."

"Umemwambia nani kwamba unachimba?"

"Shamba ni letu. Nimwambie nani?"

"Naibu wa chifu. Mtu hazikwi bila kibali, Gatimu. Hata wewe unajua."

Gatimu aliegemea mpini. "Njoki, mtoto hakufika hata..."

"Alilia," Njoki alimkatiza. "Ulimsikia. Aliyelia ni mtu." Akageuka, akaingia ndani, akauacha mlango wazi.

Ni kweli alilia. Alikuwa ametangulia majira yake, usiku wa mvua ambao gari waliloliita lilikwama kwenye tope la barabara ya shambani. Beth, jirani yao aliyestaafu uuguzi, ndiye aliyempokea. Msichana. Alilia mara moja, sauti nyembamba kama uzi, kisha akapumua kwa shida huku Beth akimkandakanda kifua na kumpulizia joto. Kabla ya alfajiri pumzi ziliisha, taratibu, kama moto wa vijiti. Sasa alilala chumbani, amefungwa kwenye shali nyeupe ambayo Njoki alikuwa ameinunua mapema mno, watu wakimwonya kwamba mtoto wa tumboni hanunuliwi nguo.

Haraka ya Gatimu ilikuwa na sababu, ingawa hakuwa amemwambia mtu. Kwao, binti wa kwanza huchukua jina la mama wa baba yake. Mama wa Gatimu aliitwa Wangechi, naye alikuwa hai, mzima wa afya, amekwenda Kerugoya kumtembelea binti yake. Tangu siku ya arusi alikuwa akiwatania: "Nileteeni mwenzangu kabla miguu haijanikatalia." Mtoto akiandikwa, ataandikwa Wangechi. Na jina hilo, ambalo mwenyewe bado alikuwa analitembeza juani, lingekaa kwenye karatasi ya mazishi. Gatimu hakujiona mshirikina. Lakini kuna mambo ambayo mtu hayaamini na bado hathubutu kuyajaribu. Alitaka yote yawe yamekwisha mama yake atakaporudi.

Hata hivyo maneno ya mkewe yalimwandama. Aliosha mikono, akavaa koti, akaenda.

Naibu wa chifu aliitwa Watiri, mwanamke wa makamo aliyevaa sare yake ya kaki kana kwamba alizaliwa nayo. Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja chenye meza, bendera, na dirisha lililotazama uwanja wa kanisa. Alimsikiliza Gatimu hadi mwisho bila kumkatiza.

"Poleni sana," alisema. "Mke wako anaendeleaje? Amepata kuonwa na daktari?"

"Beth yuko naye kila saa. Amesema kesho atampeleka hospitalini."

"Apelekwe leo, si kesho." Watiri alivuta kiti karibu na meza. "Sasa niambie. Mtoto alizaliwa akiwa hai?"

Gatimu aligeukia dirisha, akautazama uwanja wa kanisa.

"Siulizi kwa udadisi," Watiri aliendelea. "Mtoto aliyevuta pumzi huandikwa mara mbili. Kwanza kwamba alizaliwa, halafu kwamba alifariki. Siwezi kuandika kifo cha mtu ambaye serikali haijui alizaliwa. Aliyezaliwa mfu, huyo ana njia yake nyingine. Basi, alilia?"

Kumbe kulikuwa na njia nyingine. Gatimu aliiona imefunguka mbele yake, fupi na nyoofu, isiyokuwa na jina la mtu yeyote.

"Hakulia," alisema.

Neno lilitoka jepesi, jepesi kupita kiasi. Watiri alimtazama kitambo, akafunika kalamu yake, akachukua kofia.

"Twende. Aliyefia nyumbani lazima nimwone kwa macho yangu kabla sijatia sahihi."

Walikwenda kwa miguu. Ukungu ulikuwa bado umeufunika mlima, na nyasi za ng'ombe kando ya njia zilikuwa zimeinama kwa umande. Gatimu alitamani kusema jambo, lakini kila hatua ilifanya jambo hilo kuwa gumu zaidi kusemeka.

Njoki alikuwa ameketi kitandani, na Beth kando yake. Watiri alivua kofia, akawapa pole, akaomba ruhusa. Kisha akaifunua shali. Alimtazama mtoto kwa utulivu, uso, shingo, kifua, vidole vya mikono, akamfunika tena kwa uangalifu wa mtu anayemfunika aliyelala. Ndipo akamgeukia Njoki.

"Mama, nisamehe kwa kuuliza. Alilia?"

"Alilia," Njoki alijibu. "Mara moja. Lakini alilia."

Kupitia dirishani jembe lilionekana limesimamishwa kwenye udongo, kati ya migomba. Watiri alilitazama, akamtazama Gatimu.

"Baba ameniambia hakulia. Mama anasema alilia. Na shimo limeshachimbwa." Hakupandisha sauti. "Simshuku mtu. Lakini maneno ya wazazi yakipishana juu ya mtoto aliyekufa, mimi sina ruhusa tena ya kushika kalamu. Napaswa kupiga simu. Polisi watakuja, watampeleka mochari, daktari atampasua ili tujue."

Njoki alitoa sauti ambayo Gatimu hakuwa ameisikia hata wakati wa uchungu. Aliivuta shali hadi mapajani mwake.

"Apasuliwe? Alivyo mdogo hivi?"

"Chifu," Beth alisema, "nilimpokea kwa mikono yangu. Kila kilichotokea naweza kukueleza."

"Utanieleza, nami nitakusikiliza. Lakini kwanza namtaka baba."

Wakati huo huo hatua zilisikika barazani, na Wangechi akaingia. Alikuwa amepata habari kwa simu ya Beth na kuondoka Kerugoya bila hata kunywa chai. Alisimama mlangoni na kikapu chake mkononi, akiwatazama mmoja mmoja, akaelewa kwamba amekuta maneno katikati. Aliweka kikapu chini, akangoja kama wengine.

Gatimu alihisi kwamba amezungukwa na wanawake wanne, na wa tano, kama angehesabiwa, hakuwa na umri wa siku hata moja.

"Alilia," alisema. "Nilikuwa pale mlangoni. Nilimsikia."

"Kwa nini ulinidanganya?" Watiri aliuliza.

Alijaribu kumjibu Watiri, lakini macho yalimpeleka kwa mama yake. "Sikutaka jina la mama liandikwe kwenye kibali cha mazishi na yeye bado yu hai."

Watiri alitoka na Beth, wakasimama barazani kwa muda mrefu. Maswali yake yalisikika, mafupi, na majibu ya Beth, marefu. Aliporudi alikaa mezani.

"Nimeridhika. Mtoto alikuja kabla ya wakati na mapafu hayakuwa tayari. Ila wewe, Bwana Gatimu, ujue: ungezika bila kibali ungeshtakiwa, na uongo ulioniambia nao ni kosa. Ungemponza mke wako kwanza, kabla yako wewe." Akafungua vitabu vyake. "Na jambo jingine. Ungeniuliza, ningekwambia. Sheria haikulazimishi kumpa jina leo. Naweza kuandika mtoto wa kike wa Njoki na Gatimu, tukaishia hapo."

Gatimu alishusha pumzi. Aliona Njoki ameinamisha kichwa, akilipanga pindo la shali ambalo halikuwa na haja ya kupangwa.

Wangechi alisogea, akaketi kitandani kando ya mkamwanawe. Alimfunua mjukuu wake, akamtazama kana kwamba anamtafuta mtu anayemfahamu.

"Ana paji la uso la kwetu," alisema. Kisha, bila kumtazama mwanawe: "Nani alikwambia jina langu litaniua?"

"Mama, ni kifo."

"Najua ni kifo. Baba yako nilimzika mimi, wewe ukiwa umeshika sketi yangu. Nyanya yangu amelala Murang'a na jina hili hili. Nimelivaa tangu nikiwa mtoto, na sijawahi kuhisi baridi ya kaburi lake. Nikifa, nitakufa kwa uzee, si kwa wino." Sauti yake ililegea kidogo. "Nilimngoja mwenzangu. Amekuja, hakukaa. Lakini amekuja, Gatimu. Utaniambia sikutembelewa?"

Alimfunika mtoto. "Basi, mimi si mzazi wake. Semeni wenyewe."

"Mimi nataka jina lake," Njoki alisema.

Watiri alingoja, kalamu mkononi. Hakumhimiza Gatimu. Nje ng'ombe wa jirani alilia akidai kukamuliwa. Gatimu alitambua kwamba tangu alfajiri hakuwa amemgusa mtoto. Beth ndiye aliyemfunga. Njoki ndiye aliyempakata. Yeye alikuwa amekwenda moja kwa moja kuchukua jembe. Alipiga magoti kando ya kitanda, akaweka kiganja chake chenye makovu ya cheche juu ya shali. Kiganja kilimfunika karibu mzima.

"Wangechi," alisema. Sauti ilikwaruza, akarudia ili isikike vizuri. "Wangechi wa Gatimu."

Watiri aliandika kwanza kwamba alizaliwa. Kisha akafungua kitabu cha pili.

Alizikwa alasiri hiyo, karibu na babu yake, mahali ambapo Wangechi mkubwa alichagua mwenyewe. Walikuwa watu wachache, na mwinjilisti wa kanisa lao aliyesoma kwa ufupi kwa sababu Njoki alikuwa anangojewa na gari la kwenda hospitalini.

Majuma yalipita kabla Gatimu hajateremka mjini Nyeri kufuatilia vyeti. Njoki alikuwa amepona mwili. Mengine yalikuwa bado yanajipanga polepole. Ofisi ya uandikishaji ilikuwa imejaa: akina mama na watoto mgongoni, wazee na bahasha za kaki. Zamu yake ilipofika, aliziingiza karatasi zake chini ya kioo.

Karani alikuwa msichana mchangamfu. Alisoma ile ya juu, uso ukamchanua.

"Hongera sana, Baba Wangechi!"

Kisha akafunua ya pili. Mkono wake ukasimama. Alirudi kwenye ya kwanza, akalinganisha tarehe, na tabasamu likamtoka.

"Oh. Pole, jamani. Samahani sana, sikuwa nimeona."

"Usiombe samahani," Gatimu alimwambia. "Hakuna mtu amewahi kuniita hivyo."

Msichana alimtazama kupitia kioo. Nyuma watu walikuwa wanaanza kunung'unika kwamba foleni haisongi. Alizipanga zile karatasi, akaziweka kando ya mkono wake.

"Baba Wangechi," alisema, safari hii polepole, "kaa pale kwenye benchi. Nitakuita."

Gatimu alipata nafasi kati ya mzee mmoja na mama aliyekuwa akinyonyesha. Akaketi, akangoja kuitwa.