Mteremko wa Mikataba Mitatu

Wageni watatu walikuwa wanakula maharage yangu siku waliponikataza kulima maharage.

Walikaa kwenye sengu, pale wanaume wa ukoo wanapokula pamoja na kuamua mambo. Mimi nilisimama kando na bakuli la mboga. Kwetu Umatengo, mgeni anayekula kwako humwambii hapana. Kwa desturi hiyo baba mkwe wangu, mzee Urbani, alikuwa ameshaugawa mteremko wangu wote.

Alianza Kilian, mtu wa mkataba wa kimataifa wa hali ya hewa: juu pandeni miti. Mzee akasema sawa. Akaja Getrude wa mkataba wa viumbe hai: bondeni vichaka visiguswe. Sawa. Akaja Damiano wa mkataba wa kuzuia jangwa, jangwa ambalo hata kwenye picha hatukuwa tumeliona: katikati chimbeni makinga maji, pandeni majani. Sawa pia. Mgeni njoo, mwenyeji apone, mimi niliugua. Mume wangu Alphonce alikuwa amefariki, ushirika wa kahawa umekufa, wanunuzi binafsi wanajipangia bei. Wanangu waliishi kwa maharage ya ngoro, mashimo yetu ya mlimani: wanaume hufyeka nyasi na kuzilaza, wanawake tunazifukia kwa udongo na kupanda.

Mwanzoni sikuogopa, kwa sababu wale watatu hawakupatana. Akija mmoja, nilimtupia lawama mwenzake, nami nikaendelea kulima. Kisha amri ikashuka kutoka juu kwamba mikataba ishirikiane. Nilifurahi, mjinga mimi! Nilidhani wakikaa pamoja wataona kwamba wamenimaliza.

Ndiyo siku ile walipokaa pamoja kwenye sengu, wakapatana vizuri mno.

"Hapa patakuwa shamba la mfano," alisema Getrude, akichovya tonge. "Mikataba yote mahali pamoja. Hatutagongana tena."

"Na maharage?" niliuliza.

Kilian alitabasamu kwa upole, akamtazama mzee. Mzee Urbani aliinamia sahani yake.

"Mkamwana," alisema, "wageni bado wanakula."

Machi mvua ikakolea. Niliwaomba shemeji zangu wanifyekee nyasi, wakakataa. Neno lililopita kwenye sengu halivunjwi. Nikazunguka na jembe nikitafuta udongo ambao hakuna aliyeuwekea mpango, mpaka nikaishia nyuma ya nyumba, kwenye kaburi la Alphonce. Makaburini hapalimwi, kila mtu anajua. Nilifyeka mwenyewe, nikalaza nyasi mwenyewe, nikachimba ngoro kulizunguka kaburi lote, nikilia kwa hasira na kumwomba radhi.

Maharage ya pale kaburini yalistawi kuliko mwaka wowote. Watoto walikula wakashiba, wakaniuliza, "Mbona huli, mama?"

Niliwaambia nimeshakula.