Borne za Panzi

Mume wangu ana sauti mbili. Ile ya nyumbani inajua maneno machache: chumvi, maji, na "watoto wanyamaze". Ya pili niliisikia siku niliyompelekea fufu na sambaza, vile visamaki vya ziwani, kazini, na tangu siku hiyo sijalala vizuri.

Parfait ameajiriwa na kampuni inayopitisha nyaya za umeme chini ya ardhi bila kuchimba mitaro. Huku Bukavu, ukifungua mtaro kwenye mteremko, mvua moja tu inaugeuza korongo, na nyumba za watu zinaondoka nalo. Kwa hiyo wao wana mashine inayosukuma vyuma ndani ya mlima, ikitoboa chini kwa chini, chini ya barabara na nyumba za watu, hadi itokee upande wa pili. Kisha inarudi ikivuta bomba na waya. Anayeendesha mashine amekaa bondeni na haoni kitu. Parfait ndiye anayetembea juu na kifaa cha mkononi kinacholia anapopita juu ya kile chuma, na anamwelekeza mwenye mashine kwa motorola, ile redio ya mkononi.

Mwenye mashine ni mwanamke, anaitwa Ornella. Kofia ya njano, buti, na kucha zilizopakwa rangi. Kucha za rangi, kwenye matope yale!

Basi nimesimama na sufuria yangu, namsikia mume wangu akimwongoza polepole, kidogo kidogo, kushoto: "Malembe, Ornella. Malembe. Leta kiloko ku gauche. Niko na weye, usiogope. Simama hapo. Bien. Umefanya muzuri sana."

Miaka yote niliyoishi na mtu huyu, nikampikia, nikamfulia, nikamzalia, hajawahi kuniambia kwamba nimefanya vizuri. Wivu ulinipanda hadi masikio yakawaka moto. Niliweka sufuria chini nikaondoka bila kuaga. Jioni akaniuliza kama nina malaria.

Sauti peke yake labda ningeivumilia. Lakini Jumamosi asubuhi alikuja Clémence, jirani yetu anayeuza makaa, ambaye hakuna kinachompita. Nilikuwa bado na ufagio mkononi.

"Mama Larissa, ikala kwanza. Jana nilimuona bwana yako kule Panzi, yee na ule mwanamuke ya machine. Beko banapanda borne mu parcelle yenye haina nyumba, nyuma ya kanisa. Mwanamuke anashika, bwana yako anagonga na marteau."

"Borne?"

"Borne, mama. Nilibaona na macho yangu mbili."

Mkazi wa Bukavu hahitaji kuelezwa zaidi. Mtu akipanda borne, zile nguzo fupi za mpaka, kwenye kiwanja, amekwisha kukinunua. Na sisi bado tunapanga nyumba ya mtu. Tangu harusi Parfait ananiahidi kiwanja, hata kidogo, hata cha mteremko, nami nangoja. Kumbe kiwanja kimepatikana, na mwenyewe ni Ornella. Nikajiambia: kama ni kweli, ndoa hii imeisha leo, narudi kijijini kwetu Miti na watoto wangu.

Nilikaza kitenge changu nikapanda pikipiki. Mtaani Panzi nilizikuta borne zimesimama kwa mstari, zikikata kiwanja kutoka kona hadi kona, vichwa vyake vimepakwa rangi nyekundu. Hata rangi wamechagua pamoja! Mimi ni mtoto wa shamba, nimeng'oa visiki vya mibuni. Udongo ulikuwa umelowa mvua ya usiku. Borne ya kwanza ilitoka kama jino la mtoto. Ya pili ilinisumbua kidogo, nayo ikatoka. Nilikuwa nimeikumbatia ya tatu niliposikia sauti nyuma yangu.

"Maman, unafanya nini?"

Alikuwa Ornella, na kile kifaa cha Parfait mkononi. Kando yake alisimama mzee mwenye fimbo, na nyuma yao mafundi waashi wenye mapiki na makoleo.

"Naondosha borne zako!" nilipiga kelele. "Ule bwana iko na bibi! Iko na batoto! Kama unataka parcelle, tafuta bwana yako akununulie!"

Yule mzee alinitazama kana kwamba nimeanguka kutoka juu ya mti.

"Parcelle ya nani? Miye Déogratias, hii parcelle baba yangu ndiye aliniachia. Hizi borne ni za kuonyesha câble ya umeme inapita wapi. Bamaçon bangu balikuwa banazingojea ndipo bachimbe fondation. Sasa batapiga pioche wapi? Ku câble?"

Mafundi walicheka hadi mmoja akaketi chini. Nilibaki nimeishika ile borne ya tatu, natamani ile mashine initobolee njia nitokee ng'ambo ya mlima. Alama za rangi walizokuwa wamepulizia ardhini mvua ilikwisha kuzifuta, na mashimo niliyoyaacha yalikuwa yamebomoka. Hakuna aliyeweza kusema sasa waya unapita wapi hasa.

Ornella aliinua motorola. Parfait alikuwa bondeni, pale waya unapotokeza; ameuunganisha na kisanduku kinachopitisha mlio ndani yake, ili juu waukague mara ya mwisho.

"Papa Parfait, bibi yako iko hapa. Ameng'oa borne."

Hapo nilihesabu ndoa yangu imekwisha.

"Hajaumia mugongo?" motorola ikauliza. Kisha: "Mupatie ye ile appareil. Na motorola."

"Lakini miye naweza…"

"Mupatie ye, Ornella."

Nikapewa kifaa na motorola. Nilivishika kwa aibu, na kwa hasira pia, maana hasira yangu haipoi upesi.

"Nsimire," akasema. Jina langu hilo hajalitamka tangu Larissa azaliwe. "Beba ile appareil karibu na udongo. Usikimbie. Inalia?"

"Inalia kiloko."

"Enda ku gauche. Malembe. Malembe. Sasa?"

"Inalia sana!"

"Pita mbele kiloko. Ikipunguka, rudia. Niko na weye, usiogope."

Nilitembea kwenye matope bila viatu, nikisikiliza mlio kwa sikio moja na mume wangu kwa jingine.

"Simama hapo. Bien. Umefanya muzuri sana, Nsimire."

Ni maneno yaleyale, hata moja halikupungua. Nilifurahi kama mjinga. Papo hapo nikamkasirikia upya: kumbe anayo, miaka yote hii anayo, na anayaacha kazini pamoja na buti zake!

Mafundi waliisimamisha borne ya kwanza wakaishindilia udongo. Nikageuka kumrudishia Ornella motorola yake. Alikuwa hanitazami mimi. Anaitazama motorola mkononi mwangu, midomo ameibana, na kwa kidole gumba anabandua rangi ya ukucha. Uso ule ninaujua. Ndio niliotembea nao tangu siku ya sambaza.

Akanyoosha mkono. Nami nilikuwa karibu kumpa, lakini borne ya pili bado ilikuwa imelala kwenye majani.

Nikabonyeza kitufe.

"Parfait," nikasema, "tuko bado na ingine. Niongoze."