Dirisha la Chumba cha Mafagio

"Mama, hapa chini kulikuwa na jengo."

Mama Usafi aligeuka, ufagio mkononi. Binti aliyesema hayo alikuwa amepiga magoti kati ya meza mbili za studio, akipapasa sakafu inayong'aa. Wenzake wa mwaka wa mwisho walimwita Gundi, maana tangu aanze kusomea usanifu majengo vidole vyake havijawahi kubanduka vizuri. Saa nne angesimama mbele ya jopo la walimu kuutetea mradi wake wa mwisho. Sasa ilikuwa saa mbili.

"Jengo la kadibodi ya kahawia?"

"Hilo hilo. Zahanati yangu."

Mama Usafi aliuegemeza ufagio ukutani. Kanuni ya studio ilibandikwa mlangoni: kilicho mezani hakiguswi, kilicho sakafuni ni taka. Kwa miaka kumi na tisa aliifuata kama sala. Aliwahi kukizunguka kikombe kilichoota ukungu wiki nzima, kisa tu kilikuwa mezani. Na asubuhi hii ameibeba zahanati ya mtu, akaikunja kidogo ili itoshe, akaishindilia kwenye mfuko wa taka.

"Niliiweka chini niitazame kutoka juu," alisema Gundi, "halafu nikaenda kuoga." Alikaa kitako. "Kosa ni langu. Nimekwisha."

"Aliyekwisha hakai kwenye sakafu niliyoipiga deki mimi. Inuka twende."

Nyuma ya jengo kulikuwa na mapipa. Mama Usafi alikunja mikono ya gauni, akazamisha mikono hadi viwiko. Zahanati ilitoka kwenye mfuko wa tatu, paa limebonyea, kuta mbili zinaning'inia. Waliirudisha juu, wakaanza kugandisha.

"Tutachelewa, mama."

"Gundi haijui saa. Shika hapo."

Mikono minne haikutosha. Mama Usafi aliteremka mbio, akarudi na vibanio anavyoanikia matambara yake, akabana kila pembe. Jengo sasa lilifanana na kamba ya nguo, lakini lilisimama. Hapo ndipo alipoona tundu kwenye ukuta wa nyuma.

"Hapa pamekosekana nini?"

"Chumba cha mafagio. Kimedondoka huko huko. Acha tu, hakuna mwalimu atakayekiulizia." Gundi hakuinua macho. "Kilikuwa na dirisha. Mwaka jana nilikuuliza mchana unakula wapi, ukaniambia chini ya ngazi, gizani, wewe na ndoo zako. Jibu lile halikunitoka."

Mama Usafi alijifanya kukaza kibanio. Wa kumsalimia aliwapata kila siku, na aliwashukuru. Aliyewahi kumuuliza anakula wapi ni huyu mmoja. Alitaka kumshukuru, akaona haya, akachukua kibanio kingine.

Saa nne Gundi aliingia na jengo lake. Mama Usafi alirudi mapipani.

Alikipata kwenye mfuko wa tano, kimelowa chai. Kilikuwa na ukubwa wa kiberiti, kikiwa na benchi ndani na dirisha lililokatwa likanyooka. Alikikausha kwa aproni, akapanda ngazi mbili mbili, akasukuma mlango bila kubisha.

Mwenyekiti wa jopo, mzee mwenye kipara na penseli sikioni, alikuwa akiuliza, "Tundu hili ni la nini? Na vibanio hivi navyo ni usanifu?" Watu wakacheka. Gundi hakucheka.

"Samahani, wakubwa."

"Mama, tuko kwenye mtihani."

"Najua. Ni mimi niliyelitupa jengo hili. Msimkate maksi kwa kosa la mkono wangu." Alisogea, akakichomeka chumba kwenye tundu. Kikakaa sawasawa.

Mwenyekiti alimgeukia Gundi. "Huyu ni nani?"

"Mteja wangu."

Mzee aliinama, akachungulia kadirisha kale kwa muda. Kisha akavuta kiti. "Basi mteja akae. Hatuwezi kulijadili jengo lake yeye amesimama. Mama, chumba kinakufaa?"

Mama Usafi alikaa kwenye ukingo wa kiti. Alitaka kusema asante, basi. Lakini ameulizwa, na aliyeulizwa kwa heshima hujibu kweli.

"Dirisha limenifurahisha mno. Ila mlango unafungukia ndani, baba. Ndoo zitauzuia."

Gundi alijipiga kofi kwenye paji la uso. Mwenyekiti alichomoa penseli sikioni. "Andika hilo, binti. Miezi minne ya mradi huu sisi sote hatukuliona."

Saa nane, Mama Usafi akiwa chini ya ngazi na chakula chake, Gundi alikuja akihema kwa furaha. Alikuwa amefaulu. Alinyoosha kiganja: chumba cha mafagio, mlango umebanduliwa na kugandishwa upya, unafungukia nje.

"Chukua, mama. Asante."

"Asante ni yangu, mwanangu."

Alipobaki peke yake alitafuta pa kukiweka. Pale hapakuwa na meza. Aliigeuza ndoo kichwa chini, akatandika tambara safi juu yake, akakiweka hapo, dirisha likielekea ule mwanga kidogo unaoshuka ngazini.