Isale kwa Mama Primus

Wiki ile ya Januari 1997, Elisifa alikuwa hashikiki. Mwanamke wa miaka sitini na mbili, magoti yanamuuma, lakini ukimtafuta saa mbili yuko bondeni anakata majani ya ng'ombe, saa nne yuko sokoni Kiboriloni na ndizi ambazo hata hazijakomaa, saa saba anapanda mlima tena kwa miguu, eti gari linamtia kichefuchefu. Wee! Gari limtie kichefuchefu mtu aliyelipanda miaka yote hiyo? Alikuwa anamkimbia Sirili, na Old Moshi nzima ilijua.

Sirili alikuwa mtoto wa dada yake aliyeolewa Kirua Vunjo. Alikuja na jani la isale, na nani mlimani asiyejua maana yake? Aliyekukosea akishakupa isale mkononi, umekwisha: husemi hapana. Utasamehe, upende usipende. Lakini lazima uwe umelipokea, na Elisifa aling'ang'ania hapo hapo. Aliapa kwamba halipokei, kwa sababu hawezi kumsamehe mtu aliyempoteza Primus wake.

Primus alikuwa kitinda mimba, mrithi wa nyumba na kihamba, yaani shamba la ukoo. Kahawa ilipogeuka kazi ya bure, alimfuata binamu yake Sirili, aliyekuwa mpiga mbizi kwenye boti ya watafiti. Watafiti hao walikwenda visiwa vya matumbawe, mbali sana huko baharini, kutafuta meli zilizozama zamani. Haukupita mwaka, ikaja telegramu: PRIMUS AMEPOTEA BAHARINI POLE SANA MAMA. Basi. Hakuna mwili, hakuna kaburi, na Sirili aliyeituma telegramu hakuonekana mwaka mzima na nusu.

Jumatatu Sirili alifika na Mzee Melkior wa Kirua, maana isale halipelekwi na mtu peke yake. Elisifa alipowaona wanaingia, akazoa samadi kwa mikono yote miwili.

"Shikamoo, mama mdogo," Sirili akasema.

"Marahaba. Mnaniona nina kazi," akajibu, akapita katikati yao na samadi yake.

Jumatano walimvizia nje ya kanisa. Elisifa akanyakua mtoto wa watu, limtoto linene la miaka mitatu ambalo hata hajui ni la nani, akateremka nalo mpaka barabarani huku mama wa mtoto anakimbia nyuma kuuliza kulikoni.

"Mama, huu sasa ni utoto," alisema Eunike, binti yake, walipofika nyumbani. "Pokea, au mwambie aende zake."

"Si aende? Nimemfunga kamba?"

Alijibu hivyo, lakini chakula kilikuwa hakipiti. Tangu siku ya telegramu alikuwa hawezi kukaa akatulia. Akikaa tu, anamwona Primus anageuzwageuzwa na maji, mara huku, mara kule, hana hata pa kuegemea. Kwa hiyo alitembea. Alifagia palipofagiliwa, akapalilia palipopaliliwa, na kila alipochoka alimkumbuka Sirili, hasira ikamnyanyua tena.

Ijumaa ilikuwa zamu yake ya maji ya mfongo, mfereji wa kumwagilia mashamba. Zamu haikimbiwi: ukiondoka, maji yanaingia shambani kwa jirani na wewe unangoja wiki nyingine. Alikuwa ameinama na jembe, anauzibua mfereji, alipoona miguu minne imesimama ukingoni.

"Leo huna pa kwenda, mama," Mzee Melkior akasema.

"Lakini nina jembe."

Sirili hakumnyooshea isale. Alikaa kwenye majani na kuliweka magotini. Alikuwa amekonda, mashavu yameingia ndani, na hilo nalo likamuudhi Elisifa. Yeye ana haki gani ya kukonda?

"Haya, niambie," akafoka bila kuinua kichwa. "Hizo meli zilikuwa na nini hata zimtoe mtoto wangu hapa?"

Sirili akaeleza polepole. Visiwa vile viko chini sana, alisema, nahodha havioni mpaka mawimbi yameanza kupasuka mbele yake, na hapo mwamba umeshampasua. Ndiyo maana meli zimejilalia pale chungu nzima, za mbao na za chuma, nyingine zina miaka mia mbili. Kuna moja ilibeba masufuria makubwa ya shaba ya kupikia sukari, mpaka leo yamepangana huko chini kama yalivyopakiwa. Nyingine bado ina makaa ya mawe yake. Watafiti hawakutaka dhahabu, walipima na kuchora tu. Primus aliajiriwa kupika, lakini akajifunza kuzamia, mwisho akawa ndiye mshika utepe wa kupimia.

"Aliipenda hiyo kazi?" Swali lilimtoka Elisifa kabla hajalizuia.

"Aliipenda mno. Akitoka majini anasimulia mpaka ugali unaungua."

Elisifa nusura acheke, akajichukia kwa hilo. Akachimba kwa nguvu zaidi.

"Siku ile mkondo ulimsukumia ndani ya meli ya chuma," Sirili akaendelea. "Mimi nilikuwa nimetangulia na ncha ya utepe. Nikahisi umelegea. Nilirudi nikamtoa, mama mdogo, lakini alikuwa ameshakata roho."

Jembe likasimama.

"Ulimtoa?"

"Nilimtoa."

"Si uliandika amepotea!"

Mzee Melkior akageuka kumtazama Sirili. Hata yeye hakuwa ameambiwa hilo.

"Nilidanganya. Kufika bara ilikuwa siku kumi na moja, na boti haikuwa na barafu. Tulimzika kisiwani, mchangani, palipozikwa mabaharia wa zile meli. Nikawaza, nitamwambiaje mama mdogo kwamba kitinda mimba wake nimemzika nje ya kihamba, kwenye ardhi ya watu? Nikaona afadhali isemwe bahari imemchukua. Isale hili nimelileta kwa ajili ya uongo huo."

Elisifa alipandwa na ghadhabu mpaka akalinyanyua jembe, Mzee Melkior akarudi nyuma. Mwaka na nusu! Mwaka na nusu anamwona mwanawe anaviringishwa na maji, kumbe amelazwa! Alitukana kwa Kichagga, matusi ambayo mjane wa mzee wa kanisa hatakiwi hata kuyajua. Maji yakampita, yakaenda zake kwa jirani, wala hakuyaangalia. Alipoishiwa pumzi, sauti ikamtoka ndogo.

"Mlimlaza anaangalia wapi?"

"Kilele cha Kibo, kama wanavyolazwa watu wetu."

"Usinidanganye tena, Sirili! Kibo utaionea wapi huko?"

"Sikuiona. Nilimwomba nahodha aweke rula kwenye ramani, kutoka kisiwani mpaka Kibo. Alinicheka. Halafu akaona nalia, akaiweka. Nikaufuata ule mstari kwa dira, nikachimba mwenyewe." Sirili akajifuta uso kwa kiganja. "Nilichimba mara mbili, mama mdogo. Shimo la kwanza lilikwenda upande kidogo."

Elisifa alikaa chini, pale pale kwenye tope.

"Lete, mwanangu," akasema.