Njia ya Kijani hadi Sake

Kila asubuhi, kabla malori ya Fuso hayajapakiwa maharage, madereva wa Kitshanga walipita kwanza kwenye duka la Papa Marcellin, mfanyabiashara kutoka Butembo, kumuuliza Wivine hali ya barabara. Wivine ndiye aliyeshughulikia kompyuta ya duka. Alifungua ukurasa uliotayarishwa na chama cha wasafirishaji kule Goma: njia salama zilichorwa kwa kijani, na zile zilizofungwa na watu wa bunduki kwa nyekundu.

Kwa wiki kadhaa utepe wa njano ulikuwa ukijitokeza juu ya ramani. Ulisema kwa Kifaransa kwamba karibuni ukurasa hautafunguka kwenye navigateur za zamani, yaani zile programu za kufungulia intaneti, na kwamba kila mtu aweke mpya. Wivine alijaribu, lakini kompyuta ilikuwa kuukuu mno, ikakataa. Papa Marcellin alimwambia asijisumbue, maadamu ukurasa ulikuwa bado unafunguka. Basi, kila utepe ulipoziba ramani, Wivine aliufunga.

Jumatatu ile ukurasa ulifunguka upesi kuliko siku zote, na utepe haukuwepo. Wivine alifurahi. Njia yote hadi Sake, mji wa kuelekea Goma, ilikuwa kijani. Kaka yake Lévi, dereva wa Fuso ya bluu, alimtania kwamba sasa hata mashine yake imeokoka, kisha akaondoka, abiria wakiwa wamekaa juu ya magunia.

Jua lilipopanda, Mama Dusabimana, mkulima wa upande wa Burungu, aliingia dukani kuomba maji, godoro kichwani. Nyuma yake barabara ilikuwa imejaa watu. Alisema tangu jana bunduki zinalia kule mbele, kwenye njia ya Sake, na hakuna gari linalopita.

"Mama, Fuso ya bluu, uliiona?" Wivine aliuliza.

"Tulikutana nayo. Nilimusimamisha, nikamuambia, mutoto wangu, rudia, njia iko mubaya. Akacheka. Akasema dada yake ameiona ku mashine."

Wivine alirudi kwenye kompyuta. Chini kabisa ya ramani, kwa herufi ndogo, tarehe ilikuwa ya Ijumaa. Mashine ilikuwa imehifadhi ukurasa wa zamani na kumwonyesha huo huo. Alipobonyeza ili uje mpya, ramani ilitoweka. Palibaki weupe mtupu na sentensi moja: navigateur hii haikubaliwi tena.

Simu ya Lévi haikupatikana. Waendesha pikipiki aliowasihi wamfuate Lévi walikataa. Mmoja alimwambia, kwa upole, "Dada, miye niko na watoto."

Akaenda kusimama mwisho wa mji, akawa anamuuliza kila aliyekuja. Wa kwanza walisema ndiyo, Fuso ya bluu ilipishana nao, abiria wakiimba. Waliofuata, waliotoka mbali zaidi, nao walikuwa wameiona. Dereva aliwapungia mkono. Wivine akaanza kupumua. Labda kaka yake alikuwa ameshapenya.

Mchana wakafika watu wa Kilolirwe, mbali kuliko wote waliotangulia, miguu imevimba, wametembea barabara hiyo hiyo tangu alfajiri. Aliwauliza polepole, akiwatajia rangi ya gari, magunia, abiria.

 Mwanamume aliyebeba mbuzi mabegani ndiye aliyejibu.

"Dada, leo hatukukutana na motokari hata moja."